Hospitali teule tunazo miaka yote. Chuo teule je?

Mwalimu wa Taaluma (Newala)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni, maana jambo hili limenikaa kooni tangu Novemba.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, dirisha la mikopo limefunguliwa, na mlangoni kwangu kuanzia saa moja asubuhi ni watoto na bahasha zao za kaki. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kuwasaidia kujaza maombi nimekufanya mwaka wa sita sasa, kwa kompyuta moja ya ofisi ya taaluma na bando la simu yangu. Hilo silalamikii. Ninalolileta ni lingine.

Mwaka jana nilikuwa na binti mmoja, kichwa kweli, Hisabati na Fizikia. Akapata nafasi ya ualimu wa sayansi chuo binafsi, mkoa wa mbali. Chuo kinataka nusu ya ada siku ya usajili. Baba yake ni mkulima wa korosho kama sisi wote, na alikuwa ameshapeleka kilo 380 ghalani. Alinijia shuleni Jumatatu, akatoa stakabadhi ya ghala mfuko wa shati, imekunjwa mara nne ndani ya kipande cha nailoni. Akaitandaza juu ya meza yangu, akawa anaipapasa kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala. "Mwalimu, hela ndiyo hii. Hawawezi kuipokea hii?"

Mzigo ulikuwa umeshauzwa mnadani. Fedha ndiyo haijaingia benki. Wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka zikawa tatu, na usajili unafungwa Ijumaa. Jumatano usiku akauza kwa kangomba magunia mawili aliyobakiza ndani, bei isiyofika nusu ya ile ya mnada. Kwa wasio wa huku: kangomba ni ununuzi wa kichochoroni, wa kupima kwa bakuli. Umepigwa marufuku, lakini haufi kwa sababu ya Jumatano kama hizo. Alhamisi binti akapanda basi.

Yule binti akimaliza, serikali itamtaka. Shule zetu za kata zinalia walimu wa Fizikia. Chuo anachosoma kina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na cheti chake kitapokelewa sawa na cha mtu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi atakayoifanya ni ya umma. Gharama ya kumwandaa imetoka kwenye magunia mawili ya baba yake.

Sisi watu wa Kusini tumeshaona njia nyingine. Nani hapa hajawahi kulazwa, au kumpeleka ndugu, Ndanda au Nyangao? Zote mbili ni hospitali za wamisionari. Na nchi hii kwa miongo ina utaratibu wa hospitali teule: wilaya isiyo na hospitali ya serikali, hospitali ya dini inateuliwa, serikali inapeleka watumishi na ruzuku, mgonjwa anahudumiwa kama yuko hospitali ya wilaya. Hakuna aliyesema serikali inawatajirisha mapadri. Tulitaka mgonjwa apone.

Kwa nini kusiwe na chuo teule? Serikali iingie mkataba na chuo binafsi chenye sifa, ilipie nafasi kadhaa kwa fani inazozihitaji, kwa watoto wa kaya maskini, na ilipie kama ruzuku, isiwe deni la mtoto. Chuo nacho kikubali kutopandisha ada ovyo na kukaguliwa hesabu zake. Nawasikiliza.

Mtoto wa Chikongola

Nimesoma hadi mwisho. Hiyo ya stakabadhi mezani imenigusa. Kwetu Tandahimba ni hivyo hivyo, mnada na kufungua vyuo vinagongana kila mwaka.

Mzee wa Rondo

Mwalimu, hongera kwa moyo huo, ila nakupinga.

Mimi nilisoma miaka ya sabini. Ukichaguliwa, barua inakuja na waranti ya safari ndani yake. Kutoka Lindi kwenda Dar enzi hizo Rufiji unavuka kwa pantoni, masika yakikaza unakaa ng'ambo siku kadhaa na sanduku lako. Lakini ukifika, kitanda kipo, chakula kipo, vitabu vipo, na hujatoa senti. Nilikula chakula cha taifa hili na nimelitumikia hadi kustaafu. Kisha miaka ya tisini mwanzoni ukaja uchangiaji wa gharama, na kuanzia hapo mzazi akaanza kuhesabu.

Kwa hiyo dawa naijua: serikali ijenge vyake. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianza 2007 na leo ni bahari ya wanafunzi. Hapa Lindi, Ngongo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya kilimo kupitia ule mradi wa elimu ya juu, HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Hizo ndizo fedha za kuzililia zije nyingi zaidi Kusini. Ukianza kupeleka shilingi kwenye vyuo vya watu, Ngongo itapungukiwa.

Mwalimu wa Taaluma (Newala)

Shikamoo mzee. Ngongo naiombea usiku na mchana, na siku ikijaa nitaleta wanafunzi wangu kwa mguu.

Ila shilingi ya umma imeshafika vyuo binafsi zamani, mzee. Bodi ya Mikopo imeundwa kwa sheria ya 2004, na mtoto wa chuo binafsi anakopeshwa kama wa chuo cha umma. Bajeti ya mikopo ilikuwa bilioni 570 mwaka 2021/22, ikapanda hadi bilioni 787 mwaka 2024/25. Sehemu yake inaishia kwenye akaunti za vyuo binafsi kama ada. Sisemi ni kosa, bila hiyo nusu ya wanafunzi wangu wangekuwa bodaboda. Ninachosema ni kwamba fedha inapita mlango wa chuo bila sharti la bei, halafu mtoto anatoka amebeba deni lote mgongoni. Tukitumia fedha hiyo hiyo, sehemu yake iwe ruzuku yenye mkataba, tutapata sauti juu ya ada.

Halafu kuna hesabu ya watoto wenyewe. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, ikafika cha tano na sita mwaka 2022. Tumefungua bomba. Wanakuja wengi, na jengo la ghorofa nne halichomozi kama uyoga.

Deni Lipo Masasi

Mimi ni tunda la mjadala huu. Nilisoma Stella Maris hapa Mtwara, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino), kilichoanza 2009. Wengi huku ndani hawajui kilichowasaidia wazazi wetu pale. Kilikuwa karibu. Nililala kwa shangazi, nikala ugali wa shangazi, Jumamosi nikamsaidia kukaanga samaki. Nilichaguliwa pia chuo cha umma mikoa ya kaskazini, ada ilikuwa chini kidogo, lakini weka nauli mara nne kwa mwaka, weka chumba, weka chakula. Baba alipiga hesabu kwa kijiti mchangani akasema, "Baki." Kwa hiyo mnapolinganisha ada ya umma na ya binafsi, lipieni na nauli ya mtu wa Nanyumbu.

Sasa deni. Nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya mabadiliko ya 2016 watu walikuwa wanakatwa 8. Sikatai kulipa, nilikopeshwa na nikasoma. Ila mwajiri wangu wa kwanza, simtaji, alikuwa anakata kila mwezi bila kupeleka. Miezi kumi na moja. Niligundua nilipoomba taarifa ya deni nikaona liko palepale. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile na ile karatasi, sikuwa na nguvu hata ya kupanda bajaji.

Mwenzangu wa mshahara wa laki tano akitoa 15, akatoa na mfuko wa jamii, akatuma nyumbani, hana anachobaki nacho. Ndiyo maana neno ruzuku limenivuta.

Mama wa Nambilanje

Mkorosho unapata dawa ya salfa kwa ruzuku, mtoto wa mwenye mkorosho anapata deni. Naomba mbunge wangu asome hapa.

Ustadhi wa Kilwa Masoko

Assalam aleykum ndugu zangu.

Mwalimu umesema hakuna aliyesema. Walisema, mwalimu. Mkataba wa maelewano wa 1992 kati ya serikali na makanisa, kuhusu afya na elimu, hadi leo unaulizwa misikitini. Silileti hili kwa ugomvi. Nimetibiwa Nyangao na masista walinihudumia kwa heshima, Mungu awalipe. Lakini ukitaka wazo lako la chuo teule lisimame mikoa hii yetu, liweke wazi tangu mwanzo kwamba mlango ni mmoja kwa dini zote, na kwamba mtoto halazimishwi ibada wala kuulizwa jina lake limetoka wapi.

Na ikumbukwe mfano upo wa upande wetu pia. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza 2005 kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO, serikali ya Mzee Mkapa ndiyo iliyoyatoa. Jengo likiwa la umma na uendeshaji wa taasisi ya dini, watoto wamesoma. Huo nao ni msaada wa serikali kwa chuo binafsi, ila hakuna aliyeuita hivyo.

Jambo la pili halizungumzwi sana. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, wapo vijana wetu waliokataa kabisa kukopa kwa kuiona ni riba. Mmoja namjua, alipata nafasi, akarudi Kilwa kuvua. Tozo ilifutwa 2021, alhamdulillah, lakini yule kijana miaka yake haikurudi. Ruzuku haina mjadala huo. Mtoto anasoma na dhamiri yake imetulia.

Mwalimu wa Taaluma (Newala)

Waaleykum salaam ustadhi. Nimekosea na nimejifunza. Sharti la mlango mmoja naliweka la kwanza kabisa, kabla ya ada.

Mmakonde wa Kwale

Salamu kutoka Kenya. Babu yangu alitoka Newala kuja kukata mkonge huku, kwa hiyo uzi huu ni wa nyumbani.

Mnachokisema Kenya imekijaribu, nisikilizeni kabla hamjaanza. Mwaka 2016 serikali ilianza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili kwenye vyuo vikuu binafsi. Vyuo vilifurahi. Mtoto wa maskini aliingia chuo ambacho awali alikiona kwenye mabango tu. Shida ikaja kwenye kulipa. Serikali ilikuwa inapeleka fedha pungufu na kwa kuchelewa, deni likawa la mabilioni, vyuo vikawa vinadai mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 mfumo ukabadilishwa. Ufadhili ukabaki kwa wanaokwenda vyuo vya umma, na wa chuo binafsi akaachiwa mkopo peke yake.

Kwa hiyo kwenye mkataba wenu andikeni tarehe ya malipo, na andikeni nini kitatokea isipofika. Ahadi bila tarehe itamkuta mtoto mwaka wa pili, na hapo ndipo anapofukuzwa mtihanini.

Na jambo lingine dogo. Sisi Wamakonde wa Kenya tulitembea hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, mwaka uliofuata tukatambuliwa kuwa kabila la 43. Kabla ya hapo watoto wetu hawakuwa na kitambulisho, na asiye na kitambulisho hata fomu ya mkopo haigusi. Mnapozungumzia ada, mtazameni na yule asiyefika hata kwenye foleni ya mwalimu.

Mhasibu wa Ndani

Nafanya kazi ofisi ya fedha ya chuo binafsi, sitasema kipi wala wapi.

Mnadhani tunaogelea. Chuo cha ukubwa wetu kinaishi kwa ada, karibu yote. Mhula unaanza, nusu ya wanafunzi hawajalipa, mimi nashika orodha ya mishahara kwa mkono wa kulia na orodha ya madeni kwa wa kushoto. Nikiwazuia kusoma mpaka walipe, mwalimu hapati mshahara. Nikiwaruhusu, pia hapati. Mwaka juzi mama mmoja alikuja dirishani kwangu na kuku wawili hai ndani ya kikapu, akidhani naweza kuwapokea kama sehemu ya ada. Nilitoka nje nikatafuta mteja wa wale kuku, nikamwandikia slipu ya benki mwenyewe. Kazi hii inazeesha.

Kuhusu wazo lenyewe, Brazil ilifanya kitu nadhani kingetufaa kuliko ruzuku ya fedha taslimu. Sheria yao ya Januari 2005, mpango unaitwa ProUni. Serikali haikilipi chuo. Inakisamehe kodi fulani, na chuo kinatoa nafasi za bure. Mtoto anayepata nafasi kamili ni yule ambaye kipato cha kaya, ukikigawa kwa vichwa, hakizidi kima cha chini cha mshahara kimoja na nusu. Akizidi hapo lakini hazidi vima vitatu, anapata nusu. Uzuri wake ni kwamba fedha haisafiri, kwa hiyo haichelewi. Lile deni la Kenya haliwezi kuzaliwa. Ubaya wake, chuo cha kutafuta faida kinaweza kuwatupia watoto hao kozi za bei rahisi ambazo hazina wateja.

Chile walikwenda mbali zaidi. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya 2011, mwaka 2016 walianza kufuta ada kwa watoto wa kaya za chini, hata walioko vyuo binafsi vilivyokubali kujiunga. Serikali ndiyo inayopanga bei inayolipa. Baadhi ya vyuo vinalalamika bei hiyo haifiki gharama halisi. Namwelewa mhasibu mwenzangu wa kule.

Mzee wa Rondo

Mhasibu, Mungu akubariki kwa wale kuku.

Nimewasoma wote. Kuhusu ukaribu wa chuo, yule kijana wa Masasi amenipata, sikuwa nimeifikiria nauli. Lakini bado nina hofu moja na sitaificha. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya ubora. Mkinunua nafasi kwenye chuo, kisha chuo kikazuiwa, mtoto wa maskini anahamia wapi? Mtoto wa tajiri baba yake atamhamisha. Chuo cha umma hakifungwi kesho asubuhi.

Mtoto wa Chikongola

Na Chuo Kikuu Huria mmekisahau? Ni cha umma, kipo tangu sheria ya 1992, kina vituo Mtwara na Lindi. Kaka yangu alisoma huku anafanya kazi bandarini.

Deni Lipo Masasi

Huria ni kizuri kwa mtu mzima mwenye kazi. Binti wa miaka 19 wa kijijini, hana umeme wala kompyuta, umwambie asome mwenyewe Fizikia, utamvunja moyo.

Mwalimu wa Taaluma (Newala)

Mzee wa Rondo, swali lako ni zito na sitalizungukazunguka. Nafasi iandikwe kwa jina la mtoto. Chuo kikizuiwa, fedha inamfuata mtoto hadi chuo kingine, cha umma au binafsi, na TCU imhamishe ndani ya mhula ule ule. Na kiteuliwe tu chuo ambacho ukaguzi wake wa mwisho ni safi. Hospitali isiyo na daktari hatukuwahi kuiteua.

Baada ya kumsoma Mmakonde wa Kwale na Mhasibu nimebadilisha msimamo kwenye jambo moja. Nilianza na ruzuku ya fedha. Sasa naona kwa kuanzia, msamaha wa kodi kwa kubadilishana na nafasi una nafuu, kwa sababu yule baba wa stakabadhi tatizo lake halikuwa umaskini peke yake. Kilo 380 zilikuwepo. Tatizo lilikuwa tarehe. Fedha inayochelewa ndiyo iliyomtia mikononi mwa kangomba, na sitaki tumwongezee mchelewaji mwingine.

Na hapo kuna jambo dogo ambalo halihitaji Bunge wala Benki ya Dunia. Chuo kingekubali stakabadhi ya ghala kama dhamana ya usajili kwa siku 60, chama cha msingi cha ushirika kikathibitisha kwa barua kwamba mzigo upo na umeuzwa, yale magunia mawili yangeuzwa bei ya mnada. Mwaka 2024 mnada wa kwanza ulipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hebu pigeni wenyewe mlichoona kimepotea usiku ule. Nimeandika barua kwa vyuo vitatu na kwa chama chetu, nakala kwa afisa elimu. Mhasibu, kama chuo chako ni kimojawapo, tafadhali isikae trei ya chini.

Mhasibu wa Ndani

Nitaiangalia kesho asubuhi. Iwe na mhuri wa chama na namba ya ghala, vinginevyo bosi wangu hatasaini.

Mama wa Nambilanje

Mwalimu, samahani natoka kidogo nje ya uzi. Mwanangu ni yatima wa baba. Cheti cha kuzaliwa kinasema baba ni Saidi, cheti cha kifo kinasema Saidi pamoja na jina la ukoo. RITA, wale wa vizazi na vifo, watakubali kuvihakiki kwa ajili ya mkopo?

Mwalimu wa Taaluma (Newala)

Pole sana mama. Andaa hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, hakimu wa mahakama ya mwanzo au wakili anaweza kukusaidia. Uyapeleke yote matatu kwa pamoja, cheti kimoja kimoja kitarudishwa. Fomu ya mkopo ikishachapwa inahitaji saini ya serikali ya kijiji na ya kamishna wa viapo, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho, mtendaji anaweza kuwa safarini. Ada ya maombi ni 30,000.

Kama Ruangwa mtandao unasumbua, mlete mtoto huku. Jumamosi nipo ofisini kuanzia saa mbili, na kuna viazi na chai.